Fundi aliyetaka kunipigia Windows upya kabla hata hajaiwasha kompyuta

Jina la duka siliweki, ila hasira ninayo mpaka leo.

Nina stesheneri, na kompyuta yangu ya mezani ilianza kisirani cha asubuhi: naiwasha, printa haionekani. Mteja kasimama na flashi yake anataka CV, ana usaili saa tatu, mimi nahangaika na waya. Nazima, nawasha, yale yale. Na kila jioni naizima kwa utaratibu, sing'oi waya ukutani.

Nikaibeba hadi kwa mafundi. Aliyenipokea hakuichomeka hata kwenye umeme. "Windows imekufa hiyo. Tunapiga upya, acha hela ya kuanzia." Yaani afute kila kitu aweke Windows nyingine. Nikamuuliza, mbona nikiiristati printa inarudi? Akacheka, akamgeukia mwenzake, kisha akanijibu mbele ya wateja wote: "Sista, kuzima na kuristati ni kitu kimoja. Haya mambo tuachie sisi."

Si kitu kimoja! Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zinakuja na Fast Startup, mpangilio wa kuifanya kompyuta iwake haraka, ikiwa imeshawashwa. Ukizima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva, zile programu zinazoendesha vifaa kama printa, vinahifadhiwa kwenye diski, ndani ya faili la hiberfil.sys, na ukiwasha kesho yake vinarudishwa vilevile. Draiva iliyokwama jana inaamka imekwama. Ukiristati ndipo kila kitu kinaanza upya.

Aliyenieleza haya ni kijana anayejifunza kazi palepale, alinifuata mpaka mlangoni. "Dada, usikubali kupigiwa Windows. Leo ukizima, shikilia Shift wakati unabonyeza Shut down, izimike kabisa, kesho uone." Akanielekeza pia nifungue Task Manager, niingie Performance, kisha CPU, nitazame palipoandikwa Up time, yaani muda tangu Windows ianze upya. Nilipofika nikatazama: saa inahesabu siku juu ya siku, kompyuta ambayo kila jioni naizima! Mwenye duka anayetoza watu hela hajawahi kutazama pale?

Nilishikilia Shift, asubuhi printa ikaitika. Basi nikaingia Control Panel, Power Options, pale pa kuchagua kazi ya kitufe cha kuwashia, nikaondoa tiki ya Fast Startup. Inachelewa kidogo kuwaka siku hizi, sijali hata kidogo. Printa haijanisumbua tena.

Niseme haki: kioo cha laptop ya mwanangu walikibadilisha vizuri na bei ilikuwa ya kawaida, ndiyo maana nilianza kuandika nikiwa na nyota tatu kichwani. Ila kila nikikumbuka kilichokuwa humo ndani, mitihani ya walimu wanaoniamini, barua za watu, mahesabu yangu, na yule bwana hakuuliza hata kama nina nakala mahali pengine... Na angepiga upya, Fast Startup ingerudi ikiwa imewashwa! Ningelipa, mafaili yangeenda, na printa ingeendelea kunigomea. Hapana. Nyota moja.

Kwa kioo nendeni. Kwa jambo la Windows mwulizieni yule kijana, na kama hayupo, rudini na mashine zenu nyumbani.