Niliomba manamba, nikaletewa mamba

Mamba! Nimeandika manamba, neno ambalo kila mtu aliyekulia Tanga amelisikia nyumbani, na maktaba ya kidijitali ya chuo kizima inaniuliza: "Je, ulimaanisha mamba?" Kabla sijajibu ikanipangia tafiti nne za mamba wa mto Rufiji. Mojawapo ina picha, mdomo wazi.

Kwa msiojua, manamba ni vibarua waliosombwa kutoka mikoa ya mbali, wengine kutoka nje ya nchi kabisa, kuja kukata mkonge. Walipewa namba, na jina likatokea hapo. Babu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitoka Kasulu kijana hana hata ndevu, na kule hakurudi tena, ndiyo maana mimi ni Muha nisiyejua Kiha, ninayeishi Muheza. Nilitaka kuwaandikia wanangu kurasa chache kabla sisi tunaokumbuka kidogo hatujaondoka. Basi. Sikuwa natafuta shahada.

Na nililipia, hilo lieleweke. Ada ya msomaji wa nje kwa mwaka mzima, ambayo kwa mwalimu wa shule ya msingi si pesa ya kuchezea. Mwanangu wa pili alisubiri viatu vya shule mpaka mshahara uliofuata. Nikaambiwa nitasoma kila kitu kwa simu, nikiwa kitandani kwangu. Kitandani nilikaa kweli, usiku baada ya usiku, nikimaliza bando.

Nilipokosa manamba nikajaribu SILABU. Hiyo ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua wa mkonge, iliyoanzishwa 1944. Wazee wetu waliitaja kama mtu anavyotaja stendi ya basi: nilikwenda Silabu, Silabu wakanipakia. Maktaba ikanishushia tasnifu za silabi. Silabi za Kiswahili, silabi za Kimakonde, silabi na mkazo. Nikacheka peke yangu gizani mpaka mume wangu akaamka.

Nikaandika "vibarua". Sifuri. Nikaandika "kibarua", ikaja moja. Nikaganda. Yaani mashine haijui kwamba kibarua na vibarua ni watu walewale! Mtoto wangu wa darasa la pili anajua. Nikapima kwa Kiingereza: ukiandika mfanyakazi mmoja au wengi, inaleta orodha ileile, kwa sababu ile "s" ya mwishoni imefundishwa kuikata. Umoja na wingi wetu uko mbele ya neno, na huko hakuna aliyeifundisha kutazama. Mwenzangu wa shuleni aliyekuwa akitafuta habari za majosho ya ng'ombe alihangaika wiki nzima, kumbe tatizo ni king'ong'o, ile alama ya juu kwenye ng'. Simu yake inaweka alama iliyopinda, wao waliandika iliyonyooka. Ng'ombe wale wale, mazizi mawili.

Namba ya msaada iliita tu. Nilipiga nadhani mara sita au saba. Likizo ilipofika nikapanda basi hadi Dar.

Sasa nisikilizeni. Kwenye dawati la msaada kulikuwa na kijana, spika moja sikioni, nyingine inaning'inia. Ukutani nyuma yake kuna bango la kanuni tano za Ranganathan, yule mkutubi wa Uhindi, alizoziandika 1931. Ya nne nimeikariri kwa sababu niliikodolea macho muda wote niliosimama pale: okoa muda wa msomaji.

Nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Mama, mfumo hauelewi Kiswahili. Andika kwa Kiingereza."

"Hauelewi Kiswahili? Hapa Dar es Salaam?"

"Andika kwa Kiingereza tu, mama."

"Haya. Manamba kwa Kiingereza ni nini?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Hiyo sasa ndiyo kazi ya mtafiti."

Akarudi kwenye simu yake. Naapa alikuwa anaangalia mpira.

Nimefundisha miaka mingi, nimejibiwa na watoto, nimejibiwa na wazazi, hata na mkaguzi mmoja. Sijawahi kujibiwa vile. Nimetoka Muheza saa kumi na moja alfajiri, nimepita Segera, nimepita Chalinze, miguu imevimba, halafu naambiwa lugha yangu ndiyo kosa langu! Nilipandisha sauti. Sijivunii, lakini nilipandisha, na watu wakageuka.

Aliyetoka chumba cha nyuma ni mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba taratibu kama mtu mwenye muda. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia kwa neno moja. Hakugusa kompyuta. Akanishika mkono akanipeleka ukumbini, nyuma ya viti vibovu vilivyorundikwa, lilipo kabati la zamani la katalogi lenye vidroo vingi vyembamba. Akavuta droo ya M. Vidole vyake vilikimbia juu ya kadi kama anahesabu noti. Akasimama, akaipandisha moja kidogo, akanionyesha.

Kadi imegeuka rangi ya chai. Kwa mashine ya kuchapa: MANAMBA. Chini yake, kwa wino, mwandiko wa mkono ulioinama: tazama Migrant labor. Na chini zaidi: tazama pia Mkonge.

Sikusema kitu. Nilikuwa na hasira ya kutosha mabasi mawili, ikaniishia palepale.

Akanieleza tumesimama. Vichwa vya mada walivyovitumia, na wanavyovitumia mpaka leo, vinatoka kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ndiyo maana ni "labor" bila u. Ukiandika kwa tahajia ya Kiingereza tuliyofundishwa sisi, unakosa vilevile. Kwa hiyo hata ushauri wa yule kijana ungenitupa porini. Wakutubi wa zamani walilijua hilo, wakaandika kadi za "tazama" kwa mkono, neno la mtaani likimwelekeza msomaji kwenye neno la orodha. Walipohamia kompyuta, kadi za vitabu ziliingizwa, za "tazama" zikaachwa. Mkataba wa kazi ulihesabu vitabu, na "tazama" si kitabu. Zimebaki mle kabatini, mamia ya kadi, zinangoja panya.

Akaniambia pia kwamba programu ya kutafutia iliyo chini ya mfumo wao huja na kanuni za lugha nyingi, hata Kibaski cha kule Hispania. Kiswahili hakimo. Mtu anaweza kuziongeza, lakini awepo wa kuziongeza.

Jambo la mwisho alilonionyesha ni kosa langu mwenyewe, nakiri. Nilikuwa nimechagua mahali: Tanzania. Maandishi ya miaka ya hamsini yameorodheshwa chini ya Tanganyika, kwa sababu Tanzania haikuwepo mpaka 1964. Ukichagua Tanzania umejifungia nje ya maisha yote ya babu. Sawa, kosa langu. Ila mfumo wenye akili ya kudhani nataka mamba ulishindwaje kudhani nataka na Tanganyika?

Kwa maneno yake nikapata kazi kumi na moja. Kumi na moja! Zilikuwamo muda wote. Usiku ule, nyumbani kwa dada yangu Mbagala, nilifungua tasnifu moja ya zamani nikaisoma kwa simu mpaka kuku wakawika. Neno manamba limo karibu kila ukurasa. Lakini kurasa zimeskaniwa kama picha, kompyuta inaona madoa tu, herufi haioni hata moja. Nikasoma kuhusu kadi ya kipande, ile ya siku thelathini za kazi, na nikaelewa kwa nini babu alipokuwa akikasirika alisema, "usinikatie kipande." Sisi watoto tulidhani anasema nyama.

Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, nawaambia ukweli. Nilishamwandikia shemeji yangu ujumbe kwamba maktaba hii ni hazina, ajiunge.

Kesho yake nikabonyeza ya pili kwenye orodha, ile yenye jina la shamba alilofanyia babu. "Ufikiaji umezuiwa. Wasiliana na msimamizi." Nikawasiliana na msimamizi. Msimamizi ni dawati la msaada. Dawati la msaada mnalijua.

Basi nyota mbili. Au tuseme moja ya mfumo na tatu za yule mama, na zile tatu mfumo usizihesabu kuwa zake. Kama mnajiunga, jiungeni, vitu vimo, lakini nendeni wenyewe kwanza, muulizie kabati la vidroo, na mpige picha kadi zote za "tazama" za mada yenu kabla hawajaliuza kwa fundi seremala. Ada siwarudishii.

Yule mama aliniahidi ataingiza kadi chache kila akipata nafasi, ataanza na ya kwangu. Juzi nimejaribu tena. Nimeandika manamba, nikafumba macho, nikafumbua. Ile tasnifu imo, namba mbili.

Namba moja bado ni mamba wa Rufiji.