Karabai (taa ya pampu) au chemli (taa ya utambi) kwa baridi hii ya Mbeya?
Kwa mwanga hakuna mjadala, karabai ya Petromax ile kubwa imeandikwa mwanga wa mishumaa 500, chemli ya Dietz haifiki hata 15. Ila kuiwasha sasa! Unachoma spiriti kwanza, na baridi la milima ya Uporoto likikaza unarudia tena, maana ukipiga pampu kabla haijapata moto vizuri mafuta ya taa yanatoka majimaji na moto unalipuka juu. Pampu haishiki upepo? Mara nyingi ni washa, kile kiduara cha ngozi cha kubana upepo ndani ya pampu, imekauka, itoe uipake mafuta ya cherehani. Kisoksi, kile kitambaa cha karabai kinachotoa mwanga, kikishaungua usikiguse, kinakuwa majivu matupu. Chemli we kata utambi, futa kioo, basi. Zote msilale nazo mmefunga madirisha jamani. Mi genge la usiku karabai, kwenda chooni chemli.