MySQL Workbench katika ghala la vipuri: kinga nzuri isiyotosha

Ninatunza hifadhidata ya ghala la vipuri vya magari katika komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Bidhaa zetu nyingi huingia kupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, hununuliwa kwa dola na huuzwa kwa faranga, kwa hiyo kila kiwango cha dola kinapopanda au kushuka ni lazima bei zibadilishwe. Kazi hiyo mimi huifanya kwa MySQL Workbench, programu ya bure kutoka Oracle ya kusimamia hifadhidata za MySQL. Sitazungumzia uchoraji wa majedwali wala ripoti zake. Ninalotaka kupima ni jinsi inavyomlinda mtu anayegusa rekodi ambazo wauzaji wanazitumia saa hiyohiyo.

Mtumiaji mgeni hukutana na kinga hiyo kwa njia ya kuudhi, yaani kosa namba 1175. Workbench ikiwa haijaguswa mipangilio yake, hukataa amri ya UPDATE (kubadilisha rekodi) au DELETE (kuzifuta) isiyo na WHERE, yaani sharti la kuchagua rekodi, inayotumia safuwima yenye ufunguo, isipokuwa kama amri hiyo imewekewa LIMIT, yaani kikomo cha idadi ya rekodi. Tatizo ni kwamba hukataa hata amri halali. Nikiandika UPDATE bidhaa SET bei_fc = bei_usd * 2800 WHERE asili = 'Zambia', ninakataliwa, kwa kuwa safuwima ya asili haina faharasa, yaani ufunguo unaotakiwa. Ukiuliza kwenye intaneti, jibu la kwanza utakalopewa ni kuizima kinga yenyewe, na mimi nililifuata.

Hasara niliyoipata ilitokana na kitufe chenye alama ya radi. Kitufe hicho hutekeleza sehemu ya maandishi uliyoichagua, na kama hukuchagua chochote, hutekeleza kila kilichomo ukurasani. Siku hiyo amri yangu ilikuwa na mistari mitatu, nami nikapitisha kipanya juu ya miwili ya kwanza tu, WHERE ikabaki nje mstari wa tatu. Nilikusudia kuongeza asilimia tano kwenye bei za vichujio vya mafuta. Badala yake kila kitu ghalani, kuanzia boliti hadi rejeta, kilipanda bei. Kidirisha cha chini kiliniandikia kwa utulivu kabisa idadi ya rekodi zilizoguswa, na idadi hiyo ilikuwa ya jedwali zima. Hapakuwa na njia ya kurudi, kwa sababu Workbench huthibitisha kila amri papo hapo isipoambiwa vinginevyo. Tulirejesha bei kutoka kwenye nakala ya usiku uliotangulia, kisha jioni nzima tukalinganisha risiti za karatasi za wateja waliokwisha kulipa.

Kama kinga ingekuwa imewashwa, amri ile isingepita, na hilo ninaliandika kwa aibu kidogo. Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kinga hiyo inajua anachokusudia. Ukiongeza maneno AND id > 0 mwishoni, inaridhika na kukuruhusu, hata kama sharti lako lingine ni la makosa matupu. Inakagua kama ua upo. Haikagui kama umezunguka shamba lako au la jirani.

Ulinzi wa kweli uko katika muamala, yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kurudishwa nyuma kwa pamoja, na hapo Workbench inastahili sifa kwa kutoweka kizuizi chochote. Sasa mimi huanza na START TRANSACTION, inayofungua muamala, halafu SELECT COUNT(*), inayohesabu rekodi, yenye sharti lilelile nitakalotumia, kisha UPDATE, na baada ya hapo ninasoma kidirisha cha chini, ambacho hutofautisha rekodi zilizolingana na sharti na zile zilizobadilika kweli. Idadi ikiwa ileile niliyoihesabu, ninaandika COMMIT kuthibitisha. Ikizidi hata kwa moja, ninaandika ROLLBACK kurudisha nyuma na kutafuta sababu. Ninasisitiza kuhesabu kwa COUNT kwa sababu Workbench huonyesha rekodi 1,000 tu za SELECT (amri ya kusoma rekodi) ya kawaida, wakati UPDATE haina kikomo hicho: macho yanaona elfu moja, mkono unagusa zote. Njia hii inahitaji majedwali ya InnoDB, injini ya kuhifadhi data ambayo ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.5 la MySQL; jedwali la zamani la MyISAM halirudi nyuma hata ukiliamuru. Umeme ukikatika katikati, jambo ambalo wakazi wa hapa hawahitaji kuelezwa, muamala ambao haujathibitishwa hufutwa seva inapowaka tena, na hakuna bei inayobaki nusunusu.

Kwa rekodi moja au mbili, ninapendelea kuhariri moja kwa moja kwenye jedwali la matokeo. Ukibonyeza Apply, programu hukuonyesha kwanza amri ya SQL iliyoitunga, ikiwa na ufunguo msingi ndani ya WHERE, nawe unaisoma kabla ya kukubali. Hii ndiyo sehemu iliyobuniwa vizuri kuliko zote, na ningependa amri ninazoandika mwenyewe zipewe heshima hiyohiyo.

Lawama yangu kubwa ni kwamba programu haikuonyeshi waziwazi kuwa una muamala uliofunguka. Kwenye psql, programu ya kuandikia amri ya PostgreSQL, hifadhidata nyingine, alama ya nyota hutokea mahali pa kuandikia amri mpaka uthibitishe au urudishe nyuma. Workbench ina vitufe vidogo tu juu ya ukurasa, tena havina kazi mpaka uzime uthibitishaji wa papo hapo. Mwezi uliopita nilifanya UPDATE, nikaenda kula bukari bila kuandika COMMIT, na rekodi zile zikabaki zimefungwa. Muuzaji aliyetaka kupunguza idadi ya vichujio alisubiri sekunde 50, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha InnoDB, akapata kosa namba 1205 (muda wa kusubiri umekwisha), akajaribu tena, akapata lilelile. Niliporudi nilimkuta mteja amesimama kaunta na kichujio mkononi. Tangu siku hiyo kinga imewashwa, na pembeni ya skrini nimebandika karatasi iliyoandikwa COMMIT kwa kalamu nyekundu, kazi ambayo programu ingepaswa kuifanya yenyewe.