Msumeno wa umeme wa mkono kwenye stoo ya futi 7 kwa 9, miezi saba sasa

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mwaka jana nilipoamua kuwa na kikarakana nyumbani (nimepanga, niko Tabata, uani kuna kistoo cha futi 7 kwa 9 ambacho mama mwenye nyumba alikuwa anawekea mkaa) kitu cha kwanza nilichokimbilia ni msumeno wa meza. Si ndo tunaona kila video mtu anasukuma mbao kwenye meza inakatika kama mkate. Nikatoa laki nne na nusu, nikaleta na bajaji, nikauweka katikati ya stoo nikauangalia kwa raha kweli.

Kasheshe ikaja nilipotaka kupasua ubao wa futi 8. Hebu fikiria, ubao wa futi 8 unahitaji futi 8 kabla ya blade na futi 8 nyingine baada ya blade, hapo bado hujasimama wewe. Stoo yenyewe futi 9! Kwa hiyo kila nikitaka kukata natoa limashine nje, naliweka chini, natafuta level maana uani kwetu sakafu imetengenezwa maji yaende kwenye mtaro, nikimaliza narudisha ndani, mgongo unauma. Miezi miwili nikaliuza kwa kijana mmoja wa Keko laki tatu na sikuumia hata kidogo.

Sasa ndo nikanunua hii ninayotaka kuielezea, msumeno wa mkono wa duara, blade ya milimita 185, wati 1400, Gerezani pale, laki moja na themanini baada ya kubembelezana na muuzaji ("kaka hiyo bei ya jana, leo dola imepanda", kila siku dola imepanda). Brand siitaji maana hizi za bei hii nyingi zinafanana sana, zinabadilishwa rangi na stika tu, na malalamiko niliyonayo sitaki yageuke vita.

Kilichonifanya niupende ni kitu kimoja: mbao inalala imetulia, mashine ndo inatembea. Basi. Kwenye sehemu ndogo hilo ndo jambo zima. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya mm 18, ile shiti ya futi 4 kwa 8, ina kama kilo 40, ukiwa peke yako huwezi kuisukuma kwenye mashine yoyote ndogo bila kuharibu. Mimi naweka papi nne (vile vijiti vya mbao) za inchi mbili kwa mbili chini uani, nalaza shiti juu, naweka blade izidi unene wa mbao kama milimita 5 hivi, nakata. Papi zinachubuka kidogo sio shida. Nikimaliza papi zinasimama kona ya stoo, msumeno unaning'inia kwenye msumari. Stoo inabaki na nafasi ya meza, ambayo nayo nimeifunga ukutani kwa bawaba, nikimaliza kazi inashuka inalala.

Hizo papi nne zina sababu, mbili upande huu wa mkato na mbili upande ule. Mwanzoni nilikuwa naweka mbili tu mwisho na mwisho, ubao ukikatika katikati unabonyea, unaibana blade, mashine inaruka kurudi kwako. Ilinirukia mara moja, nilikuwa nimesimama pembeni kidogo, ikapita karibu na paja. Niliingia ndani nikanywa maji nikakaa kama nusu saa sisemi na mtu. Kwa hiyo jamani simama pembeni ya mstari wa blade, usisimame nyuma yake.

Haya, tuje kwenye mapungufu maana yapo ya kutosha.

Blade inayokuja nayo ni ya meno 24, hiyo ni ya kupasulia mbao za kupaua, ukiipitisha kwenye plaiwudi inachana pembeni kama imeng'atwa na panya. Nikanunua ya meno 40 ikawa kitu kingine kabisa. Halafu kumbuka meno ya msumeno huu yanakata yakipanda juu, kwa hiyo upande mzuri wa plaiwudi uelekee chini. Hili hakuna aliyeniambia, niliharibu milango miwili ya kabati la jikoni ndo nikaelewa.

Pili, kipimo cha nyuzi 90 kilichoandikwa kwenye mashine ni uongo. Mkato ulikuwa unalala kidogo, kwa macho huoni, ila ukijenga boksi halisimami. Namna ya kujua: kata kipande viwe viwili, kimoja kigeuze juu chini, unganisha nyuso mbili zilizokatwa, kama kuna mwanya basi hapo unaona kosa mara mbili yake. Kuna kaskrubu kadogo ka kusetia chini ya sahani (lile bamba la chini la msumeno linaloteleza juu ya mbao), nilikachezea jioni nzima na skwea mpaka ikakaa. Mashine mpya, bado unairekebisha wewe, ndo maana ya laki na themanini.

Tatu waya mfupi, hata mita mbili haufiki, lazima extension. Na hapa angalia sana. Nilichukua ya kukunja yenye waya mwembamba, nikakata mbao za mkongo kama dakika kumi hivi nikasikia harufu ya plastiki, kushika ile reli (gurudumu la kuzungushia waya) ni ya moto. Ukitumia extension ya reli ikunjue yote hata kama unahitaji mita tatu tu, ikiwa imejikunja joto halina pa kutokea. Sasa hivi nimetengeneza yangu kwa waya mnene wa 2.5 (milimita za mraba) na plagi ya pini tatu ya kueleweka. LUKU haili kama watu wanavyoogopa, wati 1400 ni yuniti moja na nusu kasoro kwa saa nzima ya kukata mfululizo, na nani anakata saa nzima mfululizo? Kazi nyingi ni kupima na kugundisha.

Vumbi sasa. Kimfuko cha vumbi ni pambo tu. Siku ya kwanza nimekata MDF upepo ukapeleka lote kwenye kamba za nguo, mama mwenye nyumba akaja taratibu, hakupandisha sauti, akasema "Baba Neema, hizi shuka nimezifua mara ya pili leo, au unataka nizifue ya tatu?" Nikaomba radhi, tokea siku hiyo nakata Jumamosi baada ya saa nne na nauliza kwanza kama kuna nguo nje. Ila utani pembeni, vumbi la mbao sio la kuchezea, wataalamu wa saratani wa WHO wameliweka kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Mafundi wengi wanafunga kitambaa tu, na wengine hata hicho hawana. Mimi navaa barakoa nzuri, miwani, na kinga ya masikio maana ule mlio ni balaa. Glavu hapana, glavu ikishikwa na blade inavuta na mkono.

Kitu kilichoubadilisha huu msumeno kutoka wa kawaida kuwa mtamu ni rula ya kujitengenezea. Plaiwudi ya mm 6, pana kama inchi 10, juu yake unagundisha kipande kilichonyooka cha MDF. Unaegemeza sahani ya msumeno kwenye kile kipande, unapita mara moja, blade inakata plaiwudi iliyozidi. Kuanzia hapo ukingo wa plaiwudi ndo njia ya blade, unaweka ukingo kwenye mstari wa penseli, unabana na klampu mbili, unapita, hesabu za kutoa sijui inchi ngapi za sahani hakuna tena. Mara ya kwanza nilitumia MDF ya mm 18 juu, mota ikawa inaigonga nikiongeza kina cha blade, nikabadilisha ya mm 12 ikatulia. Kina unapoteza hizo milimita 6 za plaiwudi, kwangu kinabaki kama 59, mbao ya inchi mbili inapita vizuri. Ninazo mbili, fupi ya kukatia mapana, na ndefu ya mita 2.5 ambayo haiingii stoo, nimeitundika chini ya bati kwenye veranda.

Kama unahitaji vipande vingi vikubwa vya kabati zima usijitese, duka la MDF likikukatia kwa mashine yao unalipia kila mkato na vinaingia kwenye kirikuu bila shida, wewe nyumbani unamalizia vidogo. Na kwa anayefanya mninga au mtiki mnene kila siku hii sio mashine yake, inachoka, unaisikia kabisa inalia, nayo sidhani kama ilitengenezwa kwa ajili hiyo.

Mpaka sasa imekata kitanda kimoja, meza mbili za shule za watoto wa dada, shelfu za jikoni na kabati la viatu ambalo mama mwenye nyumba amelichukua kabla halijapakwa hata vanishi, nikamwachia, shuka zile bado zinanidai. Kaboni za spea (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota) zilikuwemo kwenye boksi pea moja, bado sijazigusa. Swichi ya kulock ndo imeanza kukwama kwama, napuliza vumbi inarudi, sijui itafika mwaka.