Miezi mitatu na kitochi: tathmini ya simu ya shilingi 38,000 kwa mtu anayeishi kwa kusoma

Kitochi ninachokizungumzia hapa nilikinunua Kariakoo mwezi wa Februari kwa shilingi 38,000, baada ya kukiri kwamba sikuwa na uwezo tena wa kusoma kurasa kumi mfululizo bila kushika simu. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya vitabu, na mhariri akishindwa kutulia na maandishi kwa saa mbili, makosa yatapita mbele ya macho yake na jina lake litachapishwa pamoja nayo. Kwa hiyo sitaitathmini simu hii kama akiba ya siku umeme unapokatika, kama wengi wanavyoichukulia. Nitaitathmini kama chombo cha kazi ya akili.

Kifaa chenyewe hakina mengi ya kuelezwa. Ni simu ya vitufe yenye kioo kidogo, sehemu ya laini mbili, redio, kengele, na tochi kichwani iliyoipa jina lake. Chaji inakaa siku sita. Kadi ya laini niliyoitoa kwenye simu janja ilikuwa ndogo mno kwa nafasi yake, ikabidi fundi aivalishe fremu ya plastiki. Shughuli za kila siku hazikukwama kama nilivyohofia, kwani natuma na kupokea pesa kwa *150*00#, nanunua umeme wa LUKU na kulipia maji kwa namba ya malipo, yote kupitia menyu ambazo zilikuwepo muda wote huo nami nikazisahau.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, na namwomba msomaji asiiruke sehemu hii, kwa sababu naamini hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Niliweka karatasi kando ya mswada nikawa napiga mstari kila mara mkono wangu ulipokwenda mfukoni. Asubuhi ya kwanza, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, nilihesabu mistari 23. Hakuna aliyenipigia, wala hakuna ujumbe ulioingia. Mkono ulikwenda wenyewe, ukatoa simu, nikatazama kioo kisicho na kitu zaidi ya saa, kisha nikairudisha. Kilichonitisha ni kwamba kila mstari ulikuwa ukiangukia mahali pale pale, yaani pale sentensi ilipoanza kuwa ngumu. Nikafahamu kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiikimbia kila sentensi ngumu bila kujua kuwa nakimbia. Mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alipoanza kupima jambo hili mwaka 2004 alikuta kwamba mtu hukaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kwingine, na vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi sekunde 47. Zamani ningelisoma tarakimu hizo kama habari za watu wengine.

Kufikia wiki ya tatu mistari ilikuwa minne kwa saa. Hata hivyo, kupungua kwa mistari hakukuwa na maana ya kurudi kwa fikra, na hili nalisema kwa mkazo kwa yeyote anayedhani kwamba atanunua kitochi leo na kesho awe na umakini wa ujana wake. Simu hii inaziacha tupu zile nafasi ambazo simu janja ilikuwa ikizijaza, na utupu huo mwanzoni unauma. Kuzijaza upya ni kazi ya mtu mwenyewe. Mimi nilianza na dakika 20 za kusoma bila kunyanyuka, nikaongeza dakika tano kila baada ya siku tatu, na siku nyingine nikalazimika kurudi nyuma.

Matunda niliyaona Aprili. Nilikuwa na mswada wa historia ya ukoo mmoja wa Zanzibar ambao nilikwisha kuusoma wote mwezi wa Januari nikauona safi. Niliposoma mara ya pili, ukurasa wa 41 ulieleza kwamba shamba la ukoo huo kule Unguja lilipigwa na tufani ya mwaka 1872, ile iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, na kwamba haukubaki mti hata mmoja. Nilipofika ukurasa wa 188 nikasoma kwamba mwaka 1874 deni la mwenye shamba lililipwa kwa mavuno ya shamba hilo hilo. Mkarafuu huchukua miaka, mara nyingi sita au zaidi, kabla ya kuzaa. Kurasa 147 zilizitenganisha sentensi hizo mbili, lakini safari hii ile ya kwanza ilikuwa bado hai kichwani mwangu nilipokutana na ya pili. Mwandishi alirudi kwa shangazi yake kuuliza, akaambiwa kwamba karafuu zilizolipa deni zilitoka kwa wajomba waliokuwa Pemba, ambako tufani haikuleta maangamizi kama ya Unguja. Sura nzima iliandikwa upya. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahia kazi yangu kwa muda mrefu.

Kasoro zipo, na mojawapo ni nzito. Taarifa ya msiba wa jirani yetu wa zamani iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp, nami nikaipata siku moja baada ya maziko. Bado naionea uchungu. Tangu hapo dada yangu ndiye anayenipigia panapotokea jambo, na simu janja nimeiacha kwenye kabati la chumba kingine, naifungua mara moja jioni. Kuandika ujumbe mrefu kwa vitufe kunachosha vidole, na mtu ambaye kazi yake ni kuendesha teksi za mtandaoni au kuuza bidhaa kwa picha hawezi kuitegemea simu hii peke yake.

Kabla ya kulipa dukani, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uhakikishe kwamba simu si bandia, kwa kuwa simu bandia zilianza kuzimwa nchini tangu Juni 2016. Mwulize muuzaji pia kama simu ina intaneti, maana vitochi vya siku hizi vingi vinayo. Akikujibu kwamba inayo, mwombe akuonyeshe nyingine.