Probox ya zamani na ya umbo jipya: nimezibebesha viazi zote mbili

Kwetu kuna Probox mbili, yale magari madogo ya mizigo ya Toyota: moja ya zamani, ya namba za KB, gia za mkono, na nyingine ya KD, lile umbo lililotoka Japani mwaka 2014. Zote ni injini ya cc 1500, na zote hupeleka viazi Nairobi kutoka Kinangop.

Ukifungua buti hutajua uko kwenye ipi. Toyota walibadilisha pua, dashibodi na giaboksi, huku nyuma wakapaacha karibu vilevile. Kiwandani wameiandikia kilo 400 na watu wawili, yaani magunia manane ya kilo 50. (Ndiyo, najua Probox za huku hubeba kiasi gani. Tuyaache hayo.)

Mambo yote yako kwenye giaboksi. Umbo jipya ni CVT tu, yaani giaboksi inayojibadilisha yenyewe bila ngazi za gia; gia za mkono hupati. Ukishaingia barabara kuu ya Nakuru–Nairobi pale Flyover, raha yake utaijua: limetulia, halikurushirushi, na kwenye foleni ya Waiyaki Way goti la kushoto linapumzika. Kuna hata mahali pa kuweka simu mbele yako.

Lakini kabla ya lami kuna njia ya shambani, na mvua ikinyesha ndipo utakapojua nani ni nani. Ile ya KB natia gia namba moja, naachilia klachi pole pole, nasikia tairi zinatafuta pa kushika mpaka zipate. Hii ya KD nikikanyaga, injini inalia kwanza, gari linafuata baadaye, na wakati huo tope limeshajaa kwenye kashata za tairi.

Halafu kuna oili. CVT inataka oili yake maalum, na usimpe fundi anayesema oili ya giaboksi ni oili tu. Klachi ya KB hubadilishwa hapa Njabini na fundi yeyote mwenye jeki na spana.

Shida ya ya zamani ni kuipata. Kenya haturuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zilizopo ni za mkono kwa mkono, na nyingi zimeteswa. Inua kapeti, angalia kutu na alama za welding kabla hujataja bei.

Wa mjini achukue jipya, hatajuta. Mimi ya KB siuzi, hata wanaonifuata petroli stesheni kuulizia bei wanalijua jibu.