Lengalenga, ndimu, sombe au machungwa: pesa ya soko ianzie wapi?

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali hapa Lubumbashi, wageni humletea machungwa. Sijaona aliyebisha hodi na fungu la lengalenga, yaani mchicha. Machungwa hayo nami nimeyabeba mara nyingi, ila siku pesa ya soko inapokuwa kidogo na nyumbani kuna watoto, ninanunua kwa mpangilio huu.

Kwanza lengalenga. Gramu 100 za majani mabichi zina vitamini C miligramu 43 hivi, kalsiamu 215 na madini ya chuma 2.3. Chungwa la uzito huohuo lina vitamini C 53, kwa hiyo hapo limeshinda. Lakini kalsiamu yake ni 40 na chuma 0.1, yaani karibu hakuna. Kwa vitamini A, chungwa halisogei hata karibu. Tatizo la lengalenga ni sufuria: fungu linalojaza kikapu hunywea likawa kiganja kimoja, basi usinunue moja kwa watu sita.

Usidanganywe na maji yanayonyunyizwa jioni. Geuza fungu, tazama shina pale lilipokatwa: likiwa limekauka na kuwa kahawia, mboga imelala. Shina bichi hukatika kwa mlio. Majani yenye matundu ya wadudu hayanitishi. Kinachonitisha ni udongo. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini hapa mwaka 1911, na ardhi iliyo upande ulikopeperukia moshi imebeba shaba, kobalti na risasi. Kuosha kunatoa vumbi, lakini kilichonyonywa na mizizi hakitoki. Kwa hiyo pale soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nauliza kabla ya bei: “Mama, hii imelimwa wapi?” Akianza kuzungukazunguka, nasogea kwa jirani yake.

Pili ndimu, hata moja tu. Chuma cha mboga za majani ni kigumu kwa mwili kukinyonya, na vitamini C ndiyo inayokifungulia mlango. Ikamulie kwenye sahani, si sufuriani, maana moto huila vitamini hiyo. Chagua yenye ngozi laini na nyembamba, nzito mkononi. Yenye ngozi nene ya mabonde mara nyingi ni kavu ndani. Na chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya bukari (ugali), kwa sababu inakizuia chuma hichohicho.

Sombe, yaani kisamvu, naiweka ya tatu, na najua nitagombana na wengi. Ina protini gramu 7 hivi kwa kila gramu 100 za majani mabichi, kiasi ambacho mboga chache hufikia. Vitamini C yake ikiwa mbichi inaweza kulipita chungwa mbali, ila kutwanga na kuchemsha muda mrefu huimaliza karibu yote. Huwezi kupunguza moto: majani ya muhogo yana sianidi, lazima yatwangwe na kuiva sawasawa. Nunua majani, yasagwe ukiangalia. Ile iliyokwisha kusagwa huwezi kujua ilichanganywa na vijiti gani. Tia mawese, vitamini A inahitaji mafuta.

Matembele ni ya siku ya haraka: yanaiva upesi.

Machungwa yanafuata. Uzuri wake ni kwamba huliwa mabichi, hakuna kinachopotelea jikoni, na mtoto hahitaji kubembelezwa. Yale yanayong'aa, yanayoingia kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mng'ao ni nta tu. Pima uzito mkononi. Juisi ya unga ya paketi haimo kwenye orodha hii.

Mgonjwa wa mwisho nilimpelekea machungwa manne na mafungu mawili ya lengalenga. Nilimuuliza kwanza kama anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, maana vitamini K ya lengalenga ni nyingi na hugongana nayo. Akasema hapana. Mke wake alicheka sana kuona mboga, kisha akaenda kuwasha mbabula, jiko la mkaa.